Kizuri Hakijiuzi: Ramón y Cajal na Hesabu ya Marejeleo

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hupendwa mno katika kumbi za vyuo vikuu, hasa msomi chipukizi anapohimizwa aandike vyema kisha atulie, kwa kuwa kazi njema haikosi kuonekana. Siku hizi imani hiyo imevikwa vazi la hesabu. Kazi ya mtafiti hupimwa kwa idadi ya mara ambazo watafiti wengine wameirejelea katika maandishi yao. Aliyerejelewa sana huchukuliwa kuwa amesema jambo zito, na asiyerejelewa huchukuliwa kuwa hana alilosema. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba methali hiyo, ikitumiwa kwa namna hiyo, inatupotosha. Idadi ya marejeleo hupima masikio yaliyofikiwa na sauti, wala haipimi uzito wa maneno yaliyotamkwa. Chuo kinachoyachanganya mambo haya mawili hakina budi kuwapoteza baadhi ya wasomi wake bora, na watakaotangulia kupotea ni wale wanaoandika kwa lugha ambayo wenye kuhesabu hawaisomi.

Ili hoja isielee hewani, nitaisimamisha juu ya kazi ya mtu mmoja, Santiago Ramón y Cajal, Mhispania anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa sayansi ya ukuaji wa ubongo. Msomaji asistaajabu kumkuta mtaalamu wa ubongo katika jarida la Kiswahili. Kisa chake, kwa sehemu kubwa, ni kisa cha lugha.

Cajal alizaliwa mwaka 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, mwana wa tabibu. Alisomea udaktari mjini Zaragoza, akahudumu kama daktari wa jeshi nchini Cuba, kisha akawa profesa, kwanza Valencia na kuanzia mwaka 1887 Barcelona. Katika mwaka huo wa 1887, akiwa ziarani Madrid, mwenzake Luis Simarro alimwonyesha vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa mbinu ambayo Mwitaliano Camillo Golgi aliibuni mwaka 1873. Mbinu hiyo hutumia chumvi za fedha, nayo hupaka weusi seli chache tu miongoni mwa maelfu, hata kila moja ikaonekana nzima pamoja na matawi yake. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba mfumo wa neva ni wavu mmoja usiokatika. Kwa maoni yao, nyuzi zote zilikuwa zimeungana, wala hapakuwa na mahali ambapo seli moja hukoma na nyingine kuanza.

Cajal aliukabili ubongo kama mtu aukabiliye msitu. Msitu uliokomaa haupenyeki, kwa maana matawi yamesongamana, na katika ubongo nyuzi nyingi zimevikwa ala ya mafuta inayoizuia rangi. Kwa nini basi asiende kwenye kitalu, miti ingali michanga? Akageukia viinitete vya ndege na wanyama wachanga, ambao nyuzi zao za neva ni fupi na bado hazijavikwa ala hiyo. Alichokiona kilikuwa bayana: kila seli ilisimama peke yake, na nyuzi zake zilikoma karibu na seli nyingine bila kuungana nayo. Mwaka 1890 alieleza jambo jingine alilolibaini katika uti wa mgongo wa kiinitete cha kuku. Kwenye mwisho wa kila uzi unaokua paliota ncha iliyotanuka mfano wa koni, ikijipenyeza mbele kana kwamba inapapasa njia. Muda si mrefu akapendekeza kwamba ncha hiyo huongozwa na kemikali zinazotoka kwenye seli zilizo mbele yake. Fikra hizo ndizo zilizo kwenye msingi wa taaluma hiyo hadi leo: ubongo hujengwa kwa seli mojamoja, na kila uzi husafiri kuelekea mahali pake.

Je, aliyachapisha wapi matokeo hayo? Mnamo Mei 1888 Cajal alianzisha jarida lake mwenyewe kwa Kihispania na kuligharamia kutoka mfukoni mwake. Mhariri alikuwa yeye, mwandishi alikuwa yeye, na michoro aliichora yeye. Nakala zilikuwa 60 tu, na nyingi kati ya hizo alizituma kwa wataalamu wa nchi za nje. Ole wake, lugha za sayansi ya zama hizo zilikuwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Wengi waliopokea nakala hizo hawakukijua Kihispania, na kazi ikakaa kimya bila jibu.

Sasa natumweke Cajal huyo mbele ya kamati ya kupandisha vyeo ya chuo kikuu cha leo. Jarida lake halimo katika faharasa yoyote ya kimataifa. Halina jopo la wataalamu wa kuyapitia makala. Mhariri na mwandishi ni mtu mmoja. Lugha yake haisomwi na wakuu wa taaluma, na idadi ya marejeleo yake inakaribia sufuri. Hapana shaka kamati ingemrudishia faili lake na kumshauri achapishe katika majarida yenye hadhi, tena kwa lugha inayoeleweka. Pengine mjumbe mmoja angenong'ona kwamba jarida lenyewe ni la kilaghai. Ilhali ndani ya kurasa hizo mlikuwamo hoja zilizokuja kuibomoa nadharia ya wavu!

Cajal hakungoja kizuri kijiuze. Mnamo Oktoba 1889 alijilipia nauli, akafungasha hadubini na vipande vyake, akaenda Berlin kuhudhuria mkutano wa chama cha Wajerumani cha wataalamu wa maumbile ya mwili. Kijerumani hakukimudu, hivyo alijieleza kwa Kifaransa cha kubabaisha. Alizipanga hadubini mezani na kuwaomba waliopita watazame. Miongoni mwa waliokubali alikuwa Albert von Kölliker wa Würzburg, mzee aliyevuka miaka 70 na mmoja wa wakuu wa taaluma hiyo barani Ulaya. Kölliker alitazama, akashawishika, akarudi kwake na kuyarudia majaribio yale kwa mikono yake mwenyewe. Alipothibitisha, aliiacha nadharia ya wavu. Inasimuliwa kwamba hata alijifunza Kihispania ili aweze kuyasoma makala ya Cajal.

Kuanzia hapo milango ilifunguka. Mwaka 1891 Mjerumani Wilhelm Waldeyer alizipa seli za neva jina la neuroni, katika makala yaliyotegemea kwa kiasi kikubwa matokeo ya Cajal. Mwaka 1894 Cajal alialikwa London kuhutubia Royal Society. Mwaka 1906 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Golgi, ambaye hata katika hotuba yake ya kupokea tuzo hiyo aliendelea kuitetea nadharia ya wavu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kölliker aliinama, tena kwa mwili wake, juu ya hadubini ya mgeni asiyejulikana. Taaluma ilibadilika kwa sababu msomaji mmoja mwenye ujuzi alikubali kutazama. Hakuna hesabu yoyote ya mwaka 1889 ambayo ingemwelekeza Kölliker kwenye meza ile.

Hesabu za marejeleo zilikuja baadaye, tena kwa nia njema. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza faharasa itakayoonyesha ni makala gani yamerejelea makala gani, nayo ikaanza kuchapishwa mwaka 1964. Shabaha yake ilikuwa kumsaidia mtafiti kutafuta, yaani akishakuwa na makala moja mkononi, aweze kufuata mkondo wa wale walioyatumia baadaye. Kilikuwa chombo cha kutafutia, lakini taratibu kikageuzwa kuwa mizani. Mwaka 1975 zilianza kutolewa ripoti za kila mwaka zinazoyapanga majarida kwa kutazama wastani wa marejeleo ya makala yaliyochapishwa katika miaka miwili iliyotangulia. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akapendekeza kipimo cha h, ambacho humpima mtafiti mwenyewe. Mwenye kipimo cha 10 ni yule aliyeandika makala 10 yaliyorejelewa angalau mara 10 kila moja. Tangu hapo jina la mtu na nambari yake huandamana kama kivuli na mwenye kivuli.

Mgala muue na haki umpe. Vipimo hivi vina manufaa ambayo si haki kuyafumbia macho. Humkinga kijana asiye na jamaa wala swahiba ndani ya kamati. Humzuia mwenyekiti kumpandisha cheo rafiki asiyeandika hata ukurasa mmoja kwa miaka kumi. Anayetaka vitupiliwe mbali vyote anawajibika kutueleza jinsi atakavyouzuia upendeleo. Aidha, si kila jarida la mtu mmoja lina Cajal ndani yake, na mengi ya aina hiyo huficha uvivu tu. Dai langu ni kwamba hesabu hiyo ina upofu wa aina tatu, na kwamba upofu huo hauwaangukii wasomi wote kwa usawa.

Upofu wa kwanza ni wa muda. Fikra ya Cajal kuhusu kemikali zinazoongoza nyuzi ilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ilipofika mwaka 1994, watafiti wa California walitangaza kuwa wametenga kutoka katika bongo za viinitete vya kuku protini walizoziita netrini, ambazo huzivuta nyuzi za neva zinazokua. Baina ya swali na jibu hilo ilipita karne nzima. Kipimo kinachotazama miaka miwili kingesema nini juu ya fikra kama hiyo? Kingesema imekufa.

Upofu wa pili ni wa mkondo wa fikra zinazotawala. Mwaka 1962 Joseph Altman, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akifanya utafiti nchini Marekani, alichapisha katika jarida la Science ushahidi kwamba seli mpya za neva huzaliwa katika ubongo wa panya waliokomaa. Lugha yake ilikuwa Kiingereza, na jarida lake lilikuwa miongoni mwa yale makubwa zaidi duniani. Hata hivyo, kwa takriban miongo mitatu wengi waliupuuza ushahidi wake, kwa vile taaluma ilikwisha kuamini kwamba ubongo uliokomaa hauzai seli mpya. Kinachoshangaza ni kwamba mmoja wa walioipa imani hiyo nguvu alikuwa Cajal mwenyewe, aliyekuwa ameandika kwamba njia za neva za mtu mzima ni kitu kilichokamilika na kisichobadilika. Yule ambaye sauti yake haikusikika mwaka 1888 alikuwa amegeuka sauti inayozima nyingine. Altman alikuja kutambuliwa. Mwaka 2011 alitunukiwa Tuzo ya Mfalme Mrithi wa Asturias nchini Uhispania pamoja na watafiti wengine wawili, miaka mitano kabla ya kifo chake mwaka 2016. Kama seli hizo huzaliwa kwa wingi katika ubongo wa binadamu mzima ni jambo ambalo wataalamu wamebishania vikali tangu mwaka 2018. Lakini ubishi ni heshima ambayo Altman alinyimwa kwa muda mrefu, maana hubishani na mtu usiyemsoma.

Upofu wa tatu ni wa lugha, na huo ndio unaotuhusu sisi moja kwa moja. Hifadhidata kuu za marejeleo zimejengwa Marekani na Ulaya, na majarida yanayoingizwa humo kwa wingi ni ya Kiingereza. Makala yasiyoingizwa humo hayahesabiwi, hata yawe yamesomwa na kila mwalimu wa somo hilo kutoka Lamu hadi Kigoma. Majedwali ya kimataifa ya kupanga vyuo vikuu hutumia idadi ya marejeleo kama sehemu ya alama zake, na kila chuo kinachotamani kupanda ngazi hiyo huwasukuma wahadhiri wake upande mmoja. Nchini Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwaka 2014 vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri, na alama za machapisho zimo miongoni mwa vigezo hivyo. Swali ambalo kila idara inapaswa kujiuliza ni hili: je, makala yaliyoandikwa kwa Kiswahili safi na kupitiwa na wataalamu wa Kiswahili huingia ukumbini kwa hadhi ileile, au hutakiwa kwanza yaeleze sababu ya kutokuwa Kiingereza?

Mtu anaweza kusema kwamba hili ni lalamiko la watu wa fasihi na isimu, na kwamba sayansi ina lugha yake. La hasha! Nitatoa mfano kutoka taaluma ileile ya ukuaji wa ubongo. Mjini Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa mwaka 1989, kimechunguza kwa miaka mingi athari za malaria kali kwa ubongo wa mtoto. Hukohuko kilitengenezwa kipimo cha ukuaji wa watoto wachanga kinachobeba jina la Kilifi, kwa kuwa vipimo vilivyoletwa kutoka ughaibuni huuliza mambo ambayo mtoto wa pwani hakulelewa nayo. Matokeo ya tafiti hizo yamechapishwa kwa Kiingereza na kurejelewa duniani. Lakini mama aliyeketi na mwanawe mbele ya mtafiti huzungumza Kigiriama au Kiswahili. Lazima awepo mtu wa kumwambia, kwa maneno anayoyaelewa, ni nini kilichoupata ubongo wa mwanawe baada ya degedege, na ni ishara gani azitazame mtoto anapokua. Kuyatafuta maneno hayo, kuyajaribu, kuyasahihisha na kuyachapisha ili muuguzi wa zahanati ayatumie ni kazi ya kitaalamu yenye thamani kubwa. Je, nani atamrejelea aliyeifanya? Muuguzi haandiki makala. Mama haandiki makala. Mtoto akitambuliwa mapema na kusaidiwa, tukio hilo haliingii katika hifadhidata yoyote.

Ukimwambia msomi kijana kwamba mustakabali wake unategemea nambari, utakuwa umemwambia kimyakimya kwamba kazi ya aina hiyo ni hasara. Naye, kwa kuwa ana karo ya kulipa na watoto wa kulisha, ataiacha.

Malalamiko peke yake hayajengi. Yafuatayo ni mapendekezo yangu.

Kwanza, kila anayeomba kupandishwa cheo achague kazi zake tatu anazozithamini zaidi, na wajumbe wa kamati wazisome. Kila mjumbe aandike ukurasa mmoja kueleza kazi hizo zimeongeza nini katika maarifa, na ukurasa huo uwekwe kwenye faili. Nambari ziwepo pembeni kama shahidi, lakini zisiketi kwenye kiti cha hakimu. Pendekezo hili si ndoto. Azimio la San Francisco, lililotokana na mkutano wa mwaka 2012 na kutangazwa mwaka 2013, linataka taasisi zisimpime mtafiti kwa hadhi ya jarida alimochapisha. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 inataka utafiti wenye manufaa kwa eneo fulani ulindwe, ikiwa ni pamoja na ule unaoandikwa kwa lugha za eneo hilo. Mpango wa Helsinki wa mwaka 2019 unatetea moja kwa moja wingi wa lugha katika mawasiliano ya kitaaluma. Ikiwa Wazungu wenyewe wamekwisha kuitilia shaka mizani hiyo, sisi tunaing'ang'ania kwa sababu gani?

Pili, makala ya Kiswahili yasomwe na wajumbe wanaokijua Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Haiwezekani lugha rasmi ya nchi ihitaji mkalimani ndani ya kamati ya chuo cha umma cha nchi hiyohiyo.

Tatu, na hapa nawageukia wapenzi wa Kiswahili, majarida yetu nayo yajirekebishe. Jarida linalotoka mwaka huu, likalala miaka mitatu, kisha likaibuka na toleo maradufu, haliwezi kulaumu hifadhidata kwa kulisahau. Majarida yatoke kwa wakati, makala yapitiwe kwa ukali na bila kuogopana, na kila toleo liwekwe kwenye intaneti pamoja na ikisiri kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine moja. Tukumbuke kwamba Cajal hakuiacha lugha yake, wala hakujifungia ndani yake. Kitabu chake kikuu juu ya mfumo wa neva alikichapisha kwa Kihispania kati ya mwaka 1899 na 1904. Tafsiri ya Kifaransa, aliyoipanua mwenyewe, ikatoka kati ya mwaka 1909 na 1911. Tafsiri ya Kiingereza ya toleo hilo la Kifaransa ilichapishwa mwaka 1995, zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake cha mwaka 1934. Kazi iliyoandikwa kwa lugha ya nyumbani ilisafiri kwa sababu palikuwa na watu walioibeba.

Nne, sisi wanafunzi tusomane. Ni jambo la kawaida kukuta insha au tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili, juu ya Kiswahili, ambayo orodha yake ya marejeleo imejaa vitabu vya Kiingereza pekee, hali makala juu ya mada ileile yamo katika matoleo ya Mulika na Kiswahili kwenye rafu za maktaba. Hakuna taasisi ya kigeni inayotuzuia kuyafungua. Tunaponung'unika kwamba ulimwengu hauturejelei, tuanze kwa kuhesabu ni mara ngapi sisi wenyewe tumewarejelea walimu wetu na wenzetu.

Kizuri hakijiuzi. Huuzwa na aliyekitengeneza na hununuliwa na aliyeinama kukitazama. Cajal alifanya sehemu yake alipokwenda Berlin na hadubini yake, na Kölliker akafanya yake alipokubali kutazama. Vyuo vyetu vina vijana wengi walio tayari kuzipanga hadubini zao mezani. Kilichobaki ni wazee wa kamati kukubali kusimama mbele ya meza hizo na kusoma.